Sura ya Saba: Unyoya Wenye Damu

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofika Bariadi, mji hauna usiku. Malori yaliyosheheni hupita mpaka alfajiri yakielekea kwenye vinu vya kuchambulia, na taa zake, kila yanapopinda kona, huingia madirishani bila hodi, zikatambaa ukutani toka pembe hadi pembe, kisha zikatoweka na kuacha giza zito kuliko lile la awali. Mwanadamu aliyezoea hugeuka ubavu akaendelea na usingizi wake. Kasuku mdogo wa Australia, ambaye wenye kufupisha jina lake la Kiingereza humwita baji, hana uwezo huo. Kwake yeye, kitu kinachomjia mbio gizani ni adui tu, basi huruka kabla ya kufikiri, akagonga nyaya, akaanguka, akaruka tena, na kama katika bawa lake umo unyoya mchanga ambao haujamaliza kukua, hapo hutokea lile ambalo sura hii imeandikwa kwa ajili yake.

Nina sababu ya kulijua. Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa Usukumani na kazi, na katika faraja za upweke wangu alikuwamo baji mmoja wa manjano, aliyenunuliwa Mwanza akaja kwa basi ndani ya boksi la viatu lililotobolewa. Asubuhi moja ya msimu wa pamba nilimkuta ameng'ang'ania wavu, bawa la kushoto limelegea, na ukuta nyuma ya tundu umetapakaa madoa mekundu mithili ya ukuta wa baraza wanapoketi wala tambuu. Nilitaharuki. Nilipata kusikia, sikumbuki kwa nani, kwamba dawa ya unyoya unaotoka damu ni kuung'oa, wala sikuhoji zaidi ya hapo. Nikachukua koleo la fundi umeme, nikamkamata ndege kifuani kwa nguvu niliyoongezewa na hofu, nikavuta. Unyoya haukutoka. Shina lilipasuka kwa urefu karibu na ngozi, na damu iliyokuwa ikidondoka ikawa inachuruzika. Kabla ya adhuhuri ndege alikuwa chali juu ya gazeti la sakafuni mwa tundu lake.

Bwana mifugo, kijana mwenye adabu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchanja kuku dhidi ya kideri, aliingia uani, akaniamkia, akasikia msiba wangu, akaomba ruhusa. Alimweka maiti yule mdogo juu ya kiganja, akalikunjua bawa kwa kidole kimoja, akalitazama kitambo kirefu.

"Mzee wangu," akasema, "utaniwia radhi. Huyu hakuuawa na lori."

Sikupata la kujibu, na mpaka leo sijalipata. Yanayofuata ni yale niliyojifunza baada ya siku ile, kwake na kwa matabibu wengine wa wanyama, nami nayaandika kwa urefu kwa kuwa yule aliyeniambia "ng'oa" alisema kwa ufupi.

Unyoya uliokomaa ni kitu kisicho na uhai, kama ukucha au unywele; shina lake ni uwazi mtupu, na ukilikata kwa mkasi ndege hahisi lolote. Unyoya unaokua ni kitu kingine kabisa. Hutoka ngozini ukiwa umevikwa ala, mfano wa jani changa la mgomba lililojiviringa kabla halijakunjuka, na ndani ya shina hupita mshipa uletao damu na mshipa uirejeshao, maana nyuzi zote za unyoya pamoja na rangi zake hujengwa kwa chakula kiletwacho na damu hiyo. Kadiri unyoya unavyokaribia utimilifu wake, damu hurudi nyuma pole pole kuelekea mwilini, ala hukauka na kupukutika kama unga mweupe, na mwisho shina hubaki tupu, jepesi, lenye kupenyeza nuru. Katika ndege wa rangi hafifu mambo haya huonekana kwa macho: shina changa ni nene na lina weusi wa zambarau, ilhali la zamani ni jeupe. Katika ndege wa rangi iliyokoza jicho halina faida kubwa, na mtu hutambua kwa kidole, kwa unene na ulaini wa shina lenyewe.

Wafugaji wa kuku wa Simiyu wamekwisha kuuona unyoya huu, hata kama hawakuupa jina. Kuku wadogo waliosongamana bandani hudonoana kwenye mkia na mgongoni, pale manyoya mapya yanapochipuka, na likitoka tone moja, wengine huifuata rangi nyekundu mpaka mwenzao ameliwa akiwa hai. Kisa ni kile kile cha shina lililojaa damu likapasuliwa. Ila kuku ana akiba, na baji hana.

Akiba hiyo yafaa ihesabiwe kama fedha. Damu ya ndege mdogo wa jamii hii ni takriban sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Baji wa gramu 35 ana mililita tatu na nusu, yaani haijazi kijiko kimoja cha chai. Na kwa kuwa mililita moja hutoa matone 20 hivi, mali yake yote ni matone 70. Ndege mwenye afya hupoteza matone saba bila madhara makubwa, mwili ukayafidia. Akipita ishirini, roho yake imo hatarini. Hesabu hii nilipofundishwa ilinitia woga mara mbili: kwanza kwa uchache wa matone yenyewe, pili kwa sababu nilirudi nikayatazama madoa ya ukutani mwangu na kung'amua kwamba tone moja likipigwa na bawa hugawanyika madoa kumi. Ukuta ulitisha kupita hali ya ndege. Laiti ningalihesabu kabla ya kushika koleo, ningaliona kwamba alikuwa bado na nafasi.

Tena unyoya una udhia wake ambao jeraha la ngozi halina. Ngozi ikikatwa hujikunyata, na mishipa yake hujibana. Shina la unyoya ni mrija mgumu usioweza kujikunyata, na kila ndege anapopiga bawa, kile kidonge cha damu kilichoanza kuganda kwenye mdomo wa mrija hung'oka. Ndiyo maana mara nyingi damu hukatika ndege anapotulia, ikarudi anapokimbizwa. Mwenye kumkimbiza ndege chumbani kwa nia ya kumtibu hupoteza matone mengi kuliko anayoyaokoa.

Basi la kwanza si kumshika. La kwanza ni kupunguza mwanga, kuwatoa watoto na paka, kunyamaza, na kutazama kwa dakika moja au mbili. Damu ikiwa imekatika yenyewe, na shina limefungwa na kidonge cheusi, mwache. Mwondolee vijiti vya juu asije akaanguka, na umwangalie kwa mbali mchana kutwa. Wako wafugaji wasioridhika na ushauri huu, kwa kuwa mkono usio na kazi huona haya. Na uone haya.

Damu ikiwa bado inatoka, mkamate gizani kwa kitambaa chepesi, kwa mkono mmoja mpana, kichwa kikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, na kiganja kikiuzunguka mgongo pasi na kukibana kifua. Jambo hili la kifua wengi hawalijui, nami sikulijua: ndege hana kiwambo kile kinachogawa kifua na tumbo katika mwili wa mwanadamu, yeye huvuta pumzi kwa kuunyanyua na kuushusha mfupa wa kifua, kwa hiyo mtu akiushikilia mfupa huo hamzuii ndege kuruka tu, bali anamnyonga, hata kama shingo haikuguswa. Bawa likunjuliwe na mtu wa pili, taratibu, kwa kulishika kwenye mifupa yake na si kwenye manyoya. Kisha chukua wanga safi wa mahindi, ule laini wa kuutia mchuzi uzito, uweke kidogo kwenye kipande cha bandeji au pamba iliyosokotwa ngumu, ubane nao ncha ya shina lililovunjika. Bana kwa dakika tano za saa. Usifunue kutazama, kila afunuaye huanza upya. Pamba ya kuchambuka isitumike, nasema haya Bariadi ambako pamba imejaa kila mahali, kwa sababu nyuzi zake hunata kwenye damu na zinapoondolewa huondoka na kidonge.

Uko unga maalumu wa kugandisha damu unaouzwa na wenye maduka ya dawa za mifugo katika miji mikubwa, nao ni mzuri kwa ukucha uliokatwa kupita kiasi na kwa ncha ya shina, lakini haufai kutiwa ndani ya kishimo cha ngozi ambamo unyoya umeng'oka, kwani huchoma nyama. Majivu ya jikoni nayo huchoma. Mafuta ya mgando na marhamu za watu hugandamana na manyoya, na ndege aliyepakwa mafuta hupoteza joto lake kama mtu aliyelala bila shuka juu ya mlima. Dawa za maumivu za binadamu zisikaribie tundu hata kidogo.

Baada ya hapo ndege awekwe katika boksi lenye giza na joto la wastani, lenye kitambaa chini, pamoja na maji na chakula chake karibu. Wakati wa kipupwe chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kanga yafaa. Mchana wa Oktoba mjini Bariadi hakihitajiki kitu, jua limekwisha kufanya kazi hiyo. Tazama baada ya nusu saa. Ndege aliyejivimbisha manyoya, aliyekaa sakafuni, ambaye mkia wake unapanda na kushuka kwa kila pumzi, huyo hahitaji tena maarifa ya nyumbani.

Sasa nije kwenye kule kung'oa, kwa sababu siyo uzushi mtupu. Vitabu vya zamani vya ufugaji wa kasuku viliamuru hivyo bila shaka yoyote: unyoya wa damu ukivunjika, ung'olewe. Na hoja yao ilikuwa na mantiki, kwamba mrija ukiondoka wote, kishimo cha ngozi hujifunga, na unyoya mpya huanza kuota mara moja badala ya kungoja msimu wa kupukutika. Matabibu wengi wa sasa wamerudi nyuma. Wanasema damu izuiwe kwanza, unyoya uachwe, na kung'oa kuwe ni la mwisho, pale damu inaporudi mara baada ya mara. Sababu ni kwamba mashina ya manyoya makubwa ya kurukia hayakushikwa na ngozi pekee. Yameshikamana na mifupa ya bawa yenyewe. Mtu anayeuvuta unyoya huo anavuta mfupa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na akivuta kwa upande, mfupa huvunjika, au kishimo huchanika na unyoya ukiota tena huota umepinda, ukavunjika tena. Anayejua kuung'oa huushikilia mfupa kwa mkono mmoja, akalibana shina kwa koleo la kitabibu karibu kabisa na ngozi, akavuta mara moja tu kuelekea upande uleule unyoya unakoelekea, kisha akakibana kishimo kwa kidole mpaka kikauke. Sentensi hiyo huchukua muda mfupi kusomwa, na muda mrefu kujifunzwa mkononi. Mimi siwezi, wala sijaribu tena.

Wenye kufuga kozi wa Bara Arabu wana fani nyingine inayofaa kutajwa, ijapokuwa kwa njia ya pembeni. Unyoya wa kozi ukivunjika ukiwa umekomaa, wao huukata vizuri, wakatia ndani ya shina kijiti cha mwanzi kilichochongwa, wakaunganisha kipande cha unyoya uliohifadhiwa tangu msimu uliopita, na ndege akaruka siku ileile. Abu Dhabi, ambako hospitali ya kozi ilifunguliwa mwaka 1999, kazi hiyo hufanywa kama mshonaji apigavyo kiraka. Walakini fundi huyo huyo, akiona shina lina damu, huweka gundi yake chini akangoja. Kilichokufa hushonwa. Kilicho hai hungojwa.

Inafaa pia msomaji wa Simiyu akumbuke kwamba baji ni mgeni hapa, bali ana jamaa wenyeji. Katika mapori ya Maswa na Meatu, kuelekea Serengeti, wapo cherero, kasuku wafupi wenye mgongo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kulizunguka jicho. Ulimwengu wa sayansi ulimpa cherero huyu jina la Gustav Fischer, tabibu na msafiri wa Kijerumani aliyepita kusini mwa Ziwa Viktoria, akafariki mwaka 1886, mwaka mmoja kabla ya mtaalamu Anton Reichenow kumwandika ndege huyo vitabuni. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliosafirishwa kwa wingi kupita wote duniani, na kwa hiyo wazee wa cherero wengi wanaoimba leo katika nyumba za Ulaya walikunywa maji ya huku. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na kumnasa cherero porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtoto akikuletea mmoja aliyenaswa shambani mwa mtama, usimnunue hata kwa huruma. Kila anunuaye kwa huruma huagiza mwingine.

Nimemtaja cherero kwa sababu yeye ananionyesha kosa letu lilipo. Porini kasuku hapukutishi manyoya ya kurukia yote kwa pamoja. Huanza na la katikati ya bawa, kisha majirani zake wa kulia na kushoto, kwa zamu, mmoja akikaribia kukomaa ndipo mwingine aanguke, hivi kwamba kila unyoya mchanga hukua katikati ya wakubwa wanaoukinga. Mfugaji anayekata mabawa ya baji wake kwa mkasi, ili asiruke akapotea, ameliondoa boma hilo. Manyoya yaliyokatwa hayaoti tena mpaka msimu wake, na jipya linapochipuka huchipuka pekee, mithili ya muhindi uliochelewa kuota katika shamba lililokwisha kuvunwa, usio na jirani wa kuukinga na upepo wala na ng'ombe. Ndege wa namna hiyo huvunja unyoya, akaanguka vibaya kwa kuwa hana mabawa ya kumshikilia, akavunja wa pili. Baji wangu wa manjano alikatwa mabawa dukani, nami nikaliona jambo hilo kuwa ni hisani ya muuzaji.

Yaliyobaki ni madogo, nayo hufanyika kwa jioni moja. Tundu lisikae mkabala na dirisha la barabarani. Lifunikwe upande huo kwa kitambaa kizito. Na pawepo taa ndogo ya kuchaji yenye nuru hafifu usiku kucha, ili ndege akishtuka aone kijiti cha kurudia. Kibatari hapana, kwa sababu moshi wa mafuta ya taa huwaumiza ndege kabla haujatukera sisi. Chakula nacho kina sehemu yake. Mtama na uwele wa soko la Bariadi ni vyema, lakini ndege anayekula nafaka pekee hukosa vitamini A na chokaa, na yule anayedekezwa kwa alizeti hunenepa mpaka ini likajaa mafuta, na ini lililoharibika hushindwa kutengeneza vile viungo vinavyoigandisha damu; huyo akivunja unyoya, wanga wako utabana bure. Apewe mchicha, apewe karoti iliyokwanguliwa, na mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi tuuokotao ufuoni, ambao mimi huletewa na jamaa zangu kutoka pwani kila wanapokuja.

Nilikaa miaka miwili bila ndege. Wa pili ni wa buluu, hajakatwa mabawa, na tundu lake liko chumba cha nyuma. Hata hivyo mwaka jana, usiku ambao umeme ulikatika na taa yake nikawa nimesahau kuichaji, alivunja unyoya wa bawa la kulia. Nilizima tochi, nikaketi, nikangoja, damu haikukatika, nikamwamsha mke wangu, akalikunjua bawa, nami nikabana kwa wanga dakika tano kwa saa ya mkononi, ambazo ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Kulipokucha nilimwita bwana mifugo aje kutazama. Madoa ya ukutani yalikuwa mengi kuliko yale ya mara ya kwanza. Alipokwisha kuyakagua, na kulikagua gazeti la chini, na ile bandeji, akaniambia damu iliyopotea haikuzidi matone matano.